Kufa kwa Seli katika Kondo la Nyuma

Twataka kuwaandikia habari iliyotuhuzunisha mara nyingi katika kuzuru nyumba za watu. Mama mwenye mimba aumwa kichwa, avimba uso na mikono, kisha ghafula ashikwa na kifafa. Nasi twawasikia jamaa wakinong'ona, "Amerogwa," au, "Amevunja mwiko." Sivyo hata kidogo. Maradhi haya ni kifafa cha mimba, na asili yake imo katika kondo la nyuma.

Mwili umejengwa kwa chembe hai, ndizo seli. Mwaka 1972 wataalamu watatu, Kerr, Wyllie na Currie, waliandika juu ya seli zinazokufa kwa taratibu, wakaiita hali hiyo apoptosisi, kwa neno la Kiyunani la kupukutika kwa majani. Kufa huko kuna faida. Mimba ikiwa changa, seli za kondo hupenya katika mishipa ya damu ya tumbo la uzazi. Seli nyingi za kuta za mishipa hiyo hufa, mishipa hupanuka, na damu ya kutosha hulifikia kondo limlishalo mtoto.

Lakini pengine kazi hiyo haitimii. Mishipa hubaki myembamba, kondo hupungukiwa na damu, na seli zake hufa kupita kiasi. Vipande vyake huchukuliwa na damu ya mama. Daktari Mjerumani, Georg Schmorl, aliona seli za kondo katika mapafu ya wanawake waliokufa kwa kifafa cha mimba, akaeleza habari hiyo mwaka 1893. Vitu vitokavyo katika kondo lililoharibika huidhuru mishipa ya mama mwilini mwote: shinikizo la damu hupanda, figo huumia hata protini ikatoka katika mkojo, na mtoto aweza kudhoofika tumboni.

Basi, mama asilaumiwe. Tena tusingoje maumivu, kwa maana shinikizo hupanda kimya. Kila aendapo kliniki apimwe shinikizo na mkojo. Kipimo kikifika 140 kwa 90, yampasa kuangaliwa kwa bidii. Aliyeugua hivi katika mimba iliyotangulia amwambie mkunga mapema, kwani huenda daktari akampa aspirini kidogo kabla ya majuma 20; lakini asijipe dawa mwenyewe.

Iko pia dawa ya magnesiamu salfeti. Majaribio yaliyofanywa katika nchi 33, yaliyotangazwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba yapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Lakini ugonjwa wenyewe hauondoki mpaka mtoto azaliwe na kondo litoke. Hata baada ya hapo mama alindwe siku kadhaa, kwani kifafa chaweza kuja baada ya kuzaa.

Kwa hiyo, enyi wazazi na walimu, mama mjamzito akisema kichwa chamwuma sana na macho yake yaona ukungu, msikae kumtafuta mchawi. Mpelekeni hospitali siku ile ile.