Zebaki kwenye Karai la Kaka

Kaka yangu alinionyesha namna ya kuchoma dhahabu nikiwa darasa la tano, huko kwetu mkoani Geita. Mbale zikishasagwa kwenye karasha na mchanga kuoshwa, alikuwa anamimina zebaki kidogo kwenye karai na kuikanda kwa mikono mitupu, kama mtu anayekanda unga wa chapati. Zebaki inaishika dhahabu, mchanga unabaki. Alichokamua kwenye kitambaa kilikuwa kidonge cha rangi ya fedha. Alikiweka juu ya bati, bati juu ya mkaa, na sisi watoto tukasogea kuona njano inavyojitokeza. Hakuna aliyetuambia tukae mbali. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, sasa utaukimbiaje?

Miaka mingi baadaye nikajikuta maabara, nasomea shahada ya uzamili ya kemia. Msimamizi wangu akanipa mada: nanoklasta za dhahabu. "Wewe si mtu wa Geita? Hii itakufaa." Nilicheka. Dhahabu niliyoijua inapimwa kwa gramu na kugombaniwa. Hii ilikuwa vishada vya atomu 25 hivi, vidogo kuliko nanometa 2, vinakaa ndani ya protini.

Njia yenyewe ilichapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Singapore, na ni rahisi kiasi cha kushangaza. Unachanganya chumvi ya dhahabu na albumini, protini ya damu ya ng'ombe, unaongeza sodiamu haidroksaidi, unaacha mchanganyiko ukikorogwa kwa saa 12 kwenye nyuzi 37, joto lile lile la mwili wa binadamu. Asubuhi unakuta kimiminika cha kahawia kama chai ya rangi. Ukikimulika kwa taa ya urujuanimno, kinawaka chekundu. Mara ya kwanza nilizima taa za chumba nikakaa nakitazama tu. Dhahabu ya kawaida haifanyi hivyo. Ikishakuwa atomu chache kiasi hicho inaacha tabia za metali, elektroni zake zinabanwa kwenye ngazi chache za nishati, na mwanga unatoka.

Mwenzangu wa meza ya jirani alitumia vishada hivyo hivyo kuangalia seli za saratani kwenye hadubini, kwa sababu havina sumu ya kadimiamu iliyomo kwenye baadhi ya chembe nyingine zinazong'aa. Mimi nilipewa kazi nyingine: zebaki. Ukidondoshea ioni za zebaki, ule wekundu unafifia. Zinajishikiza kwenye dhahabu iliyo juu ya kishada na kuuzima mwanga wake. Watafiti wale wale walionyesha kwamba inawezekana kugundua hadi sehemu kama 0.1 ya mikrogramu kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 6 kwenye maji ya kunywa. Yaani nyumbani zebaki inakamata dhahabu, na huku dhahabu inakamata zebaki.

Likizo ile nilirudi nyumbani na chupa safi. Kaka alinikaribisha chai. Alipoinua kikombe, mkono ulitetemeka, chai ikamwagika kwenye sahani. Akasema ni uchovu. Shemeji akaangalia pembeni. Sikusema kitu. Nilichota maji kisimani kwetu, nikachota na kwenye dimbwi la kuoshea mchanga, nikasafiri nayo.

Maabara niliyachuja, nikayapima. Ya dimbwi yalizima mwanga sana. Ya kisima, wekundu ukabaki vile vile. Nikarudia mara tatu. Wekundu tu. Nilimpigia simu palepale.

"Kaka, maji ya kisima ni salama!"

"Si nilikwambia? Nyie wasomi mna hofu nyingi mno."

Siku mbili nilikuwa na furaha. Ya tatu nilimweleza msimamizi wangu, pamoja na habari ya kikombe cha chai. Akanisikiliza, kisha akaniuliza taratibu, "Umepima maji. Kaka yako zebaki anaipata kwa kunywa au kwa kuvuta pumzi?"

Nilijua jibu. Lipo kwenye kila kitabu nilichosoma: zebaki ile ya maji maji ukiimeza karibu yote inapita, lakini mvuke wake ukiuvuta, sehemu kubwa inaingia kwenye damu na kufika ubongoni. Mikono kutetemeka ni dalili inayojulikana. Nilipima kile ambacho chombo changu kilijua kupima, halafu nikampa kaka jibu la swali ambalo halikuwa lake. Na yeye, kwa habari yangu njema, akaendelea kuchoma.

Nikampigia tena. Hii simu ilikuwa ngumu. Alikasirika. "Juzi salama, leo sumu?" Nikamwomba radhi, nikamwomba aende hospitali, nikamweleza kuhusu ritoti, chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba linalourudisha mvuke kuwa zebaki. Akanyamaza kidogo.

"Na hiyo zebaki inayorudi, naweza kuitumia tena?"

"Ndiyo."

"Sasa hilo ndilo ungeanza nalo, mdogo wangu."

Hospitali bado hajaenda. Ritoti inachomelewa na fundi wa pale sokoni, nusu ya hela nimetoa mimi. Likizo ijayo chupa sibebi.