Mguu ulitengenezwa Goma, mlima uko Masisi

MASISI – Mama mmoja mkulima, aliyekatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya risasi, alijifunza kutembea upya alipokuwa mkimbizi karibu na Goma. Kwenye sakafu alitembea vizuri, wenzake wakampigia makofi. Kambi zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, alirudi kwao milimani. Siku ya kwanza ya shamba, akishuka na maharagi mgongoni, goti lilimsukuma mbele, akaanguka. Alifikiri mguu umeharibika.

Mguu ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni kifundo.

Mtu mwenye miguu miwili hafikirii kifundo. Akipanda, wayo hujikunja kuelekea goti. Akishuka, hulala chini taratibu. Njia ikiinama upande, kifundo huinama nayo. Mwisho wa kila hatua, misuli ya nyuma ya mguu huvuta kisigino na kumsukuma mtu mbele.

Mjini Goma, kituo cha Shirika la Umoja, kinachosaidiwa na CICR, huwahudumia waliokatwa miguu. Mafundi huchukua umbo la kisiki kwa plasta, kisha hulifunika kwa plastiki ya polipropileni iliyopashwa moto. Plastiki hiyo ni nyepesi, haiozi kwa mvua, na inaweza kupashwa tena ili kurekebishwa. Wayo uliozoeleka kwenye miguu ya aina hiyo hauna kiungo. Kisiginoni kuna sponji inayobonyea, ufundi uliobuniwa California miaka ya 1950.  Lakini wayo huo haufuati mlima, wala hausukumi. Kazi hiyo inabaki kwa goti na nyonga.

Mama huyo alikuwa amebadilisha viatu pia. Alipimwa akiwa na kandambili. Shambani alivaa boti. Kisigino kikiinuka kuliko siku ya vipimo, mguu wote huinamia mbele na goti hulegea.

Sasa amejifunza upya. Akipanda, hutanguliza mguu mzima. Akishuka, hutanguliza wa bandia, kwa hatua fupi na fimbo mkononi. Mteremko ukiwa mkali, hupita kwa ubavu, mguu mzima ukiwa upande wa juu. Maharagi huyagawa, akaenda mara mbili. Jioni huvua mguu na kutazama kisiki. Akiona wekundu usioondoka au kidonda, haulazimishi.

Lakini marekebisho yako Goma, na njia si salama kila siku. Kwa watu wa Walikale, safari ni ndefu zaidi, na kuna matope ya msituni. Mtu mzima huhitaji mguu mpya baada ya miaka 3 hadi 5. Mtoto huhitaji karibu kila miezi 6, maana yeye anakua na plastiki haikui. Njia ikifungwa mwaka mzima, mtoto huyo anarudi kwenye magongo.