Sisi tuko wapi?



Jioni moja baada ya mafundisho tulitundika shuka jeupe ukutani mwa ukumbi wa parokia, tukatazama filamu ya katuni Madagascar 2, iliyotoka mwaka 2008. Wanyama wa bustani ya New York wanaanguka na ndege yao barani Afrika, na simba Alex anawakuta wazazi aliotenganishwa nao utotoni. Tulicheka mno. Kiboko dume alipojitambulisha kwa jina la Moto Moto, ukumbi ulilipuka kwa vicheko, maana jina hilo ni la lugha yetu wenyewe.

Taa zilipowashwa, msichana mmoja aliinua mkono: «Mwalimu, hii ni filamu ya Afrika. Sisi tuko wapi?»

Nilimjibu upesi kwamba ni michezo ya wanyama tu. Yeye alinyamaza, lakini moyo wangu haukunyamaza. Njiani kurudi nyumbani nilianza kuhesabu. Katika filamu ile hakuna kijiji, hakuna soko, hakuna mtoto wa Kiafrika mwenye jina. Watu tunaowafuata ni watalii wa New York waliokwama porini. Nao ndio wanaoziba mto kwa bwawa, wanyama wakakosa maji. Bara zima limegeuzwa mbuga moja, kana kwamba nchi hii haina wenyewe.

Tuhukumu kwa haki. Wasanii weusi wa Marekani wamo: Chris Rock ni sauti ya punda milia Marty, Jada Pinkett Smith ya kiboko Gloria, marehemu Bernie Mac ya baba yake Alex, will.i.am ya Moto Moto. Kazi yao ni ya kuheshimiwa, ingawa sisi tulioitazama kwa Kifaransa hatukuzisikia hata sauti hizo. Tena filamu ina funzo jema. Marty anajikuta katika kundi la punda milia wanaofanana naye kwa sura na kwa sauti, anahuzunika kwa kuwa rafiki yake anashindwa kumtambua kati yao. Ndiyo huzuni ya kila mtu anayetazamwa kama kundi. Mchungaji Mwema, katika Injili ya Yohane sura ya 10, huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake.

Hapo swali likanigeukia mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilitunga mchezo wa Noeli. Ili watu wacheke, nilimweka mchungaji mmoja anayesema na kutembea kwa namna ambayo watu wa kwetu huwaigiza Wambuti. Ukumbi ulicheka. Kwenye benchi la nyuma alikuwepo kijana Mmbuti aliyejiandaa kwa Kipaimara. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Katika daftari la mahudhurio niliandika: mtoro. Leo naelewa kwamba naye aliuliza swali lile lile bila kuinua mkono. Nilikuwa nimewapa watu wake nafasi jukwaani, lakini nafasi ya kuchekwa.

Nilipokutana tena na kundi, nilimwomba msichana yule radhi mbele ya wote. Kisha nilikwenda kumtafuta kijana. Baba yake alinipokea kwa upole, akanipa kiti, akaniambia mwanawe alikwisha kwenda machimboni. Niliacha neno la kuomba msamaha. Jibu halijaja, nami sina haki ya kulidai.

Basi kila mtazamapo filamu, jiulizeni maswali matatu. Nani anasema? Nani anachekwa, na je, angecheka pamoja nasi kama angeketi hapa? Nani hayupo kabisa? Kisha ulizeni hayo hayo juu ya michezo yetu, kwaya yetu na jumuiya zetu. Nilikuwa kijana kama ninyi mwaka 1985, Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri mjini Kinshasa. Nakumbuka nilivyoitazama picha yake: binti wa nchi yetu, mwenye sura kama ya dada zangu, katika heshima ya altare. Siku hiyo sikuhitaji kuuliza tuko wapi.

Noeli inakaribia, na mchezo mpya haujaandikwa. Safari hii sitauandika peke yangu. Njoni tukae pamoja, na kabla hatujaanza tumtazame nani bado hajafika, twende kumwita kwa jina lake.