Lisilo na Ulimi

Watu wengi wakisikia jina Namatala hufikiria mtaa wa Mbale wenye vyumba vilivyobanana na watu wa makabila mengi. Sisi tuliokulia huku tunajua pia kuwa Namatala ni mto unaoteremka kutoka Mlima Elgon na kuingia katika ardhi oevu yenye mashamba ya mpunga. Huko ndiko wanawake wengi wa mtaa wetu, akiwemo shangazi aliyenilea, hupata kibarua cha kupalilia.

Kibarua hicho hulipwa kwa kipande. Ukiacha magugu, pesa hukatwa. Uking'oa mpunga, hukatwa zaidi. Shida ni kwamba gugu linalosumbua zaidi ni nyasi inayofanana na mpunga. Wanasayansi huiita Echinochloa. Huota, huzaa na kufa katika msimu mmoja. Hukua upesi na kumwaga mbegu kabla ya mavuno. Mrusi Nikolai Vavilov alieleza jinsi magugu yanavyokuja kufanana na mazao: mkono wa mpaliliaji hung'oa yale yanayoonekana na kuyaacha yanayofanana na zao, na hayo ndiyo yanayozaa.

Likizo iliyopita shangazi alinionyesha namna ya kuyatenganisha. "Usitazame rangi, mwanangu. Tazama kiungo." Akalivuta jani la mpunga taratibu pale linapoachana na shina. Palikuwa na ulimi mwembamba, mweupe kama karatasi, na visikio viwili vyenye vinyweleo. Kisha akavuta jani la gugu. Pale kwenye kiungo hapakuwa na kitu, palikuwa laini tu. Baadaye nilikuta kipimo hichohicho katika vitabu vya maktaba. Mpunga mwitu, Oryza longistaminata, nao una ulimi. Huo hutambulika ukiuchimba, kwa mashina yake yanayotambaa chini ya udongo.

Jambo lililonigusa zaidi lilihusu lugha. Shambani wapo wanaosema Kigisu, Kigwere na Kiteso, hivyo amri hutolewa kwa Kiswahili: "Ng'oa majani!" Lakini mpunga nao ni majani. Msichana mmoja mgeni alitii amri hiyo, akasafisha mstari mzima, mpunga ukiwemo. Jioni aliondoka mikono mitupu. Tangu siku ile shangazi huwaambia wageni, "Lisilo na ulimi, ng'oa." Maneno manne tu, na kila mtu anaelewa.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Darasani tunachambua sentensi na kukariri ngeli, na hilo ni jema. Napendekeza kwa walimu wetu kwamba tupewe pia zoezi la kueleza mmea mmoja wa nyumbani kwa Kiswahili, kwa usahihi kiasi kwamba asiyeujua aweze kuutambua. Kwa yule msichana, maelezo ya namna hiyo yangekuwa ujira wa siku nzima.