Sandali ya Kupima

Mwanaume wa Nairobi anatarajiwa kunukia sabuni ya kipande, au kitu kikali kinachofika kabla yake. Mimi napenda sandali. Haina ndimu wala maua. Fikiria maziwa yaliyochemshwa yakaachwa yapoe ndani ya sanduku la mbao, malai juu. Ni laini, inakaa karibu na ngozi, na mtu hadi akusogelee ndipo aisikie.

Kazini kwetu Westlands hiyo ndiyo harufu ya mabosi. Inayotajwa sana ni Santal 33 ya Le Labo, iliyotoka 2011. Chupa ya mililita 50 inapita kodi ya keja yangu Kangemi ya miezi mitatu, na hapo sijahesabu stima.

Kwa hivyo nanunua ya kupima. Dada anayeniuzia, kwenye eksibisheni moja ya Moi Avenue, huvuta mafuta kwa sirinji, mililita 10, akayatia kwenye kachupa kenye kigololi mdomoni. Siku ya kwanza nilimwambia nataka ya kiume, ya sandali, isiyopiga kelele. Akacheka kweli.

"Kakangu, hiyo kwetu ni liwa."

Kwao ni Mombasa. Liwa ni huo mti wa sandali, unaosagwa juu ya jiwe kwa marashi ya waridi hadi uwe uji, kisha mwanamke anajipaka usoni na mwilini. Bibi harusi hasa. Yaani kile ambacho lifti za Westlands zinakiita uanaume, nyanya za Pwani wamejisingia nacho tangu zamani. Sikuona aibu. Nilinunua mbili.

Sandali inayosifiwa vitabuni ni ya India, ya Mysore. Lakini sisi tuna binamu yake, *Osyris lanceolata*, anayeota kwenye vilima vikavu vya Samburu, Baringo na Kajiado. Shida ni kwamba mafuta yake mengi yako kwenye mizizi na shina la chini. Anayeyataka hakati tawi. Anang'oa mti mzima. Rais Kibaki alipiga marufuku uvunaji wake mwaka wa 2007, na mwaka wa 2013 mti huo ukaingizwa kwenye mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Malori bado yananaswa, magunia ya vipande vya mbao yakiwa yamefichwa chini ya mizigo mingine.

Mjomba wangu anaishi upande wa Kajiado. Kwao mizizi ya mti huo ilichemshwa kwa supu, kidogo tu, mti ukabaki. Halafu wakaja watu usiku. "Waliacha mashimo," aliniambia kwenye simu. "Mbuzi wangu alivunjika mguu kwa shimo moja." Alikasirishwa na mbuzi kuliko mti, na siwezi kumlaumu.

Baada ya simu hiyo nilirudi mjini kumuuliza dada mafuta yake yanatoka wapi. Hakunificha: ni ya maabara, yanapitia Dubai. Nikasoma zaidi. Givaudan ya Uswisi inatengeneza molekuli inayoitwa Javanol, yenye harufu ya sandali bila mti wowote kung'olewa, na wanaotunga pafyumu za bei kali hutumia molekuli za aina hiyo pia. Basi neno "feki" likaanza kunichekesha. Kama ni mti wa kweli ndani ya chupa, mimi ningependa kwanza kujua ni shimo la nani.

Desemba nilipomtembelea mjomba, alinisogelea kunisalimu akasimama hapo hapo.

"Wewe, umetoa wapi hii?"

"Ni ya dukani, Mjomba. Haina mti."

Nikampa kachupa. Akazungusha kigololi kwenye kiganja, akanusa, akanusa tena.

"Inakaribia," akasema. "Lakini wetu una uchungu kidogo mwishoni."

Kisha akakatia mfukoni mwa koti lake, na mimi sikuthubutu kukadai.