Kashinda au Kashinda?

Kiingereza kina kitenzi kimoja kinachonikera: prevail. Fungua kamusi, utaambiwa ni kushinda, hasa baada ya mvutano mrefu. Haya. Shuka mstari mmoja, utaambiwa tena ni kuenea, kutawala mahali kwa muda. Upepo, kwa mfano, nao una-prevail.

Mimi mtoto wa Ng'ambo maana hii ya pili ndiyo iliyoniingia upesi. Kaskazi ikifika Disemba haimpigi mtu ngumi. Inavuma tu, leo, kesho, mtondo, mpaka karibu na Machi. Zamani ilituletea majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kisha kusi ikishika zamu yakarudi kwao. Ushindi gani huo, hauna kombe wala vigelegele?

Lakini msomaji mwenzangu, usikimbilie kuwacheka Waingereza. "Shinda" yetu ina vituko zaidi. Januari 2024 Mlandege walipoifunga Simba na kulichukua Kombe la Mapinduzi, watu walisema "tumeshinda". Jioni jirani anapita barazani anauliza, "Mmeshindaje?" Hana habari na mpira, anataka kujua kutwa yenu ilikwendaje. Na mtu akisema "ukweli utashinda", mimi hujiuliza: utashinda wapi, na kwa nani? Hata debe lisilojaa tunaliita debe shinda, nalo haliachi kutika.

Igeuze sasa. Mwingereza akianguka mtihani, kaanguka yeye. Kijana wa mtaani kwetu anasema "skuli imenishinda", kama vile walipambana uwanjani na skuli ikatangulia kwa bao. Mimi naona hapo Kiswahili kina huruma.

Nikivitazama vitenzi hivi viwili naona vimekutana mahali pamoja: anayeshinda ni anayebaki. Na Ng'ambo hii inalijua jambo hilo. Mwaka 1928 wapangaji wa viwanja huku waligoma kulipa kodi ya ardhi. Nyumba zilikuwa zao, udongo chini yake ulikuwa wa wengine. Hawakuwa na mizinga. Walikaa majumbani mwao, hawatoi. Walishinda kwa kushinda, ukinielewa. Kodi yenyewe ilikuwa na safari ndefu bado, na ni baada ya Mapinduzi ya 1964 ndipo ardhi ilipotangazwa kuwa mali ya serikali. Lakini wale waliokaa ndio ninaowataka katika riwaya yangu.

Ndiyo, naandika riwaya. Nani katika sisi haandiki? Rafiki yangu mmoja wa Michenzani, ambaye ndiye msomaji wangu wa pekee mpaka sasa, ananishauri niiandike kwa Kiingereza. Hoja yake ni nzito: Abdulrazak Gurnah kazaliwa hapa hapa Unguja, kaandika Kiingereza, na mwaka 2021 akapewa Nobel. Sibishani na Nobel. Lakini Shafi Adam Shafi aliuandika mgomo wa makuli wa 1948 kwa Kiswahili, na wale makuli hawakuhitaji mkalimani.

Tena nina sentensi moja inayonizuia. Mjane wa Kwahani anakaanga mihogo ya kuuza, watoto wanne wanakula, yeye hagusi. Nimeandika: "Siku ile alishinda njaa." Maneno manne tu. Nimejaribu kuyapeleka Kiingereza mara kadhaa. Nikiandika kwamba aliishi na njaa kutwa, anakuwa masikini wa kuonewa imani. Nikiweka prevail, anakuwa shujaa wa kwenye bango. Mjane wangu ni yote mawili kwa pumzi moja, na jioni bado ana karai la kuosha.

Rafiki yangu kaisoma, kakuna kichwa. "Sasa huyu mama," kaniuliza, "kashinda au kashinda?"

Nimemwambia asubiri sura ya saba.