Alfred Stevens na Kazi Isiyokwisha

Kazi ya mikono ambayo haikumalizika ipewe alama gani? Swali hili lilinikabili siku nilipomnyima mwanachuo mmoja alama za kufaulu, kwa kuwa muda ulikwisha naye angali akirekebisha vidole vya sanamu yake ya udongo. Mkono ule ulipita kwa uzuri sanamu zote zilizokuwa mezani. Tangu hapo nimekuwa nikiyatafakari maisha ya Alfred Stevens, mchongaji wa Uingereza.

Stevens alizaliwa Blandford mwaka 1817, mwana wa mpaka rangi nyumba. Mwaka 1833 alikwenda Italia, akakaa huko miaka tisa akinakili kazi za mabingwa wa kale, na mwishowe akafanya kazi Roma katika karakana ya Thorvaldsen, mchongaji wa Denmark. Aliporudi alifundisha kwa muda London. Kisha, mwaka 1850, akaenda Sheffield kusanifu majiko ya chuma ya kupashia nyumba joto. Hapa ndipo ninapomstahi zaidi. Hakuona haya kuutumia katika jiko ustadi ule ule alioupata Roma; na vijana wa mji ule, miongoni mwao Godfrey Sykes, walijifunza kwake kazini, si kwa hotuba.

Mwaka 1857 yalifanyika mashindano ya kusanifu mnara wa kumbukumbu ya jemadari Wellington. Stevens hakushika nafasi ya kwanza, lakini kazi akapewa yeye. Ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, mnara huo una sanamu za shaba: Ushujaa ameketi juu ya Woga, na Ukweli anamng'oa Uongo ulimi. Nani angeharakisha kazi kama hiyo? Alitengeneza, akabomoa, akatengeneza upya. Fedha hazikutosha, serikali ikachoka kungoja, nayo, niseme kweli, ilikuwa na haki. Stevens alifariki tarehe 1 Mei 1875 mnara ukiwa bado haujakamilika. Sanamu ya jemadari juu ya farasi ilikamilishwa na John Tweed mwaka 1912, kwa kufuata kielelezo cha marehemu.

Siku hizi nawataka wanachuo waniletee kazi katika kila hatua, nami natoa alama kwa kila hatua. Kwa yule wa kwanza nilichelewa. Alirudia mtihani, akafaulu kwa sanamu nyingine, ya kawaida tu. Ile ya awali ninayo kabatini. Mkono mmoja umekamilika mpaka kucha; wa pili ni bonge la udongo.